Hina Isiyo na Maua

Wiki iliyopita jirani yangu alikuwa akimwozesha binti yake, na harufu ya hina ikaruka ukuta ikaja mpaka jikoni kwangu. Nilikuwa nakata kitunguu. Nikakisahau kitunguu, nikasimama na kisu mkononi kama mtu aliyeitwa kwa jina. Nyinyi wa umri wangu mnaijua harufu ile, majani mabichi na ndimu, na kitu kama udongo baada ya mvua ya kwanza. Haikuulizi kama una kazi.

Nikajitazama vidole. Cha kati cha kushoto kimepinda na gumba la kulia limeteguka mara nyingi hata likazoea. Lakini hivi ndivyo vidole vilivyonilisha. Nimedaka mipira kwa malipo hapa Mahajanga, nikadaka ng'ambo kisiwani Reunion, na watu hawajaacha kuniuliza ilikuwaje binti wa Kingazija, wa nyumba ya swala tano, akaishia kuwa golikipa. Huwa nawakatia maneno mafupi, nawaambia nilikuwa mkaidi. Jibu la kweli ni refu, na linaanzia siku ile niliyodhani naozwa.

Tulikuwa tukikaa Hell-Ville, Nosy Be, watu watatu, yaani mimi, Mama na Koko. Koko ndivyo sisi Wangazija tunavyomwita bibi. Baba alifariki nikiwa bado nabebwa. Mama alikuwa akichuma maua ya langilangi alfajiri kwenye shamba la watu, akirudi saa ya jua kali na harufu nzito mwilini hata kanga zake zilizofuliwa zilinukia. Nyumbani tulisema Kingazija, mtaani Kimalagasi, shuleni Kifaransa cha kusukumana. Kiswahili cha wazee kilibaki katika mambo ya dini, ya biashara na ya bahari.

Kabla ya hapo tulikuwa Mahajanga, mtaa wa Mangarivotra, katika nyumba ya Koko. Nasema ya Koko kwa sababu kwetu nyumba ni ya mwanamke, mume huja na sanduku lake. Kisha ikaja ile fujo ambayo mliokuwapo hamhitaji niwaeleze. Watu wa asili yetu waliuawa, nyumba zao zikachomwa, na waliobaki wengi wakapakiwa vyomboni kupelekwa Komoro, visiwa ambavyo baadhi yao hawakuwahi hata kuviona. Sisi tulikimbilia Nosy Be kwa ndugu za Mama. Mimi nilikuwa mdogo, nakumbuka tu kubebwa mbiombio na sandali yangu moja kudondoka, nami nalilia sandali.

Nyumba ile Koko hakuitaja kamwe. Alichokitaja ni jiwe lake la kusagia, jeusi, bapa, ambalo mama yake alikuja nalo kutoka Ngazija, huko Komoro. Juu ya jiwe lile alikuwa akisaga liwa la kupaka usoni na hina ya maharusi wa mtaa mzima. Hell-Ville alipata jingine, ila kila alipolikalia alinung'unika. "Hili linatafuna tu," alikuwa akisema. "Kusaga halijui." Na mtu akilitaja jina la Mahajanga mbele yake, aliinuka akaenda kuchungulia chungu ambacho hakikuwa na kitu motoni.

Sasa mpira. Wavulana wa mtaani walinitia golini kwa sababu hakuna mwenzao aliyekubali kukaa huko, kila mmoja alitaka kufunga. Mimi nikapapenda. Nilipenda ile sauti mpira unapotua kifuani, na wale waliokuwa wakija wakipiga kelele wanakunja nyuso na kurudi zao. Baadaye mwalimu wetu, Madamu Soa, Msakalava, mwenyeji wa pwani ile, mwenye sauti ya kuitia ng'ombe, akaunda timu ya wasichana. Siku zile serikali ilipenda sana michezo ya vijana, hata wasichana waliruhusiwa kukimbia mbele za watu mradi kuna bendera karibu. Madamu Soa alinitazama nikidaka mara moja, akaniambia, "Wewe usiondoke hapo tena."

Tabu ilikuwa ngozi. Mpira wetu ulikuwa wa ngozi kuukuu uliokunywa maji ya mvua nyingi, na uwanja ulikuwa mchanga mtupu. Viganja vyangu vilichanika vikatoa damu. Nyumbani nilivificha, maana Mama hakuwa na neno na mpira, ila Koko sikumjua moyo wake. Siku moja tulikuwa na wali, samaki na achari ya ndimu. Nikachukua kijiko. Hakuna mtu aliyewahi kula wali kwa kijiko katika nyumba ile isipokuwa mgonjwa. Koko alikitazama kijiko, akanitazama mimi, akaendelea kula.

Baada ya hapo Madamu Soa akaja nyumbani, akavua viatu mlangoni, akapewa chai. Akaeleza kwamba kuna mashindano ya vijana, wasichana wa Nosy Be wamealikwa kucheza na wasichana wa Mahajanga, na golikipa ni mimi.

"Mjukuu wangu haendi Mahajanga," Koko akasema.

"Bibi, ni mpira tu, siku chache tunarudi."

"Mpira acheze hapa. Nimekwambia Mahajanga haendi."

Madamu Soa alimaliza chai yake kwa adabu akaaga. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia, machozi yananitoka. Bila mimi golini angekaa Fatima, na Fatima mpira ukija alikuwa akifumba macho. Nikajiambia, ndiyo hivyo, Koko anauchukia mpira, na mtu akishachukia kitu atatafuta cha kukitoa. Mtoto wa miaka kumi na mitatu akishapata wazo moja, kila anachokiona kinalitilia kuni.

Na nilianza kuona mambo. Kwanza alikuja Fundi Salimu kutoka kijiji cha Marodoka. Huyu alikuwa mshona viatu, aliyefiwa na mke, ndevu amezipaka hina hadi zimekuwa rangi ya kutu. Koko alimkaribisha barazani, akaniita, akaniambia nimpe fundi mkono. Fundi Salimu akatoa uzi mfukoni, akanipima kidole kimoja kimoja, akapima na kifundo cha mkono, akawa anafunga mafundo kwenye uzi kama alama.

"Mkono mkubwa huu kuliko umri wake," akamwambia Koko. "Mkono mzuri."

Dada Mariama, binti wa mjomba, alipimwa vidole kwa uzi vilevile mwaka uliopita, pete zikaja, bangili zikaja, na shule akaiacha. Nikamuuliza Mama fundi ananipimia nini. Akacheka akasema, "Tulia, utaona." Baadaye nikamkuta anashona mkoba mpya wa nguo, wa saizi yangu. Jirani yetu akanishika shavu njiani akasema amesikia kuna safari. Halafu nikaona majani ya mhina yameanikwa kwenye ungo juu ya paa la jiko, mengi, ya kutosha harusi. Wahenga walisema lisemwalo lipo, kama halipo laja. Nikajua langu lipo.

Nilifikiria kutorokea kwa Madamu Soa. Nilifikiria kuzikata nywele. Mwisho niligoma kula, na mgomo ukavunjika alasiri ileile Mama alipokaanga ndizi. Nilizila kwa hasira nikimfikiria Fundi Salimu, nyumba yake inavyonuka gundi na ngozi mbichi, nami nimekaa humo nampikia, na Fatima yuko Mahajanga amefumba macho.

Siku ya hina ilikuwa Alhamisi baada ya swala ya alasiri. Koko alikuwa uani na jiwe lake asilolipenda, anasaga, anakamulia ndimu, anasaga tena. Harufu imejaa ua mzima. Mama amekaa pembeni na vitambaa vya kufungia mikono. Wakaniita. Nikakaa mkekani, mikono nimeibana makwapani.

"Lete mikono," Koko akasema.

Sikuitoa.

"Lete mikono, mwanangu, hina inakauka."

"Koko, mimi simtaki Fundi Salimu."

Jiwe likanyamaza. Koko akanitazama, akamtazama Mama, kisha akaanza kucheka. Sijawahi kumwona akicheka vile tangu tuhamie kisiwa kile. Alicheka hadi ushungi ukamwangukia mabegani, na Mama ikambidi ashike ukuta. Mimi nilikaa nimenuna, kwa sababu mtu anayeozwa hapendi kuchekwa.

"Nani amekwambia unaolewa?" Koko akauliza, akifuta macho kwa nyuma ya mkono.

Nikamhesabia yote, uzi, mkoba, jirani, majani.

"Fundi Salimu anakushonea glavu," akasema. "Madamu Soa ndiye aliyemtuma kwangu. Huyo fundi mwenyewe hakutaki, aliniuliza kama unajua kupika nikamwambia hujui." Akaukamata mkono wangu, akaufungua kiganja, akakiona kilivyo. Hakucheka tena. "Bibi harusi huchorwa maua. Unayaona maua hapa? Babu yako, Mungu amrehemu, alikuwa akipakua magunia bandarini, kamba za mkonge zikimchana kila siku. Nilikuwa nikimpaka hina nzito kiganjani, isiyo na maua, ngozi ikawa ngumu haipasuki. Mimi nimekuona unakula wali kwa kijiko. Ulidhani sioni?"

Akaanza kunipaka. Hina ilikuwa baridi, na kwenye mipasuko iliwasha, kisha ikatuliza. Nilisubiri amalize kiganja kimoja ndipo nikauliza.

"Lakini ulisema siendi."

Koko alipaka kidole gumba, akapaka cha pili. Mama aliinama akajifanya anakunja vitambaa.

"Niliogopa," Koko akasema. "Mimi ndiye niliyeogopa. Mpira hauna kosa lolote. Nilikuona umesimama katika mji ule, watu wamekuzunguka wanapiga kelele, na mimi nazijua kelele za mji ule." Akapangusa jasho kwa bega. "Nimekaa na jambo hili, nikaona, nikikuzuia watakuwa wamenifukuza mara ya pili, na safari hii nitakuwa nimewasaidia. Kwa hiyo utakwenda. Na mimi nitakwenda, nikakae nyuma ya goli lako."

Mama, aliyekuwa karibu kulia, akasema, "Mtoto akililia wembe, mpe. Sasa naona na bibi yake analilia, nitawapa wote wawili."

Tukasafiri kwa meli ndogo ya mizigo, katikati ya magunia ya kahawa na kuku waliofungwa miguu. Wasichana wenzangu walitapika, mimi nikatapika, Madamu Soa akatapika kuliko sote. Koko peke yake alikaa wima na tasbihi yake, na Mahajanga ilipoanza kuonekana alijifunika ushungi hadi kwenye nyusi. Nilimshika mkono wakati wa kushuka.

Glavu za Fundi Salimu zilikuwa za ngozi ya viatu, zimeshonwa kwa uzi wa viatu, na zilikuwa ngumu kama viatu. Nilizivaa kwa fahari. Mpira wa kwanza kuja golini ulikuwa wa kawaida kabisa, unabingirika tu, hata Fatima angeudaka na macho yake yamefumbwa. Nikainama, nikaufumbata kati ya mikono. Ukateleza, ukanipita katikati ya miguu, ukaingia. Uwanja mzima ukacheka.

Nyuma ya goli nikasikia sauti ya Koko, kali kabisa. "Vua hivyo viatu mikononi."

Nikavivua, nikavitupa pembeni. Viganja vyangu vilikuwa vyekundu kuelekea weusi. Mshambuliaji wao, msichana mrefu mwenye kicheko, akawaonyesha wenzake. "Tazameni, bibi harusi amekuja kucheza." Wakacheka tena. Kisha mwanamume mmoja katika watu akasema kwa sauti, "Mkomoro huyo." Hakuongeza kitu. Lakini nilivyoligeukia goli nilimwona Koko ameushika ukingo wa ushungi kwa ngumi. Niliogopa atainuka aondoke. Nilitaka kumwambia twende, tuache, si lazima. Koko hakuinuka. Alinitikisia kidevu kuelekea uwanjani, kama anavyofanya kuku wakiingia jikoni, maana yake angalia kazi yako.

Nikaangalia kazi yangu. Yule mrefu alipiga kwa nguvu zake zote, nikaruka upande wa kulia, mpira ukapiga kiganja ukakaa. Sijui niwaelezeje. Ulikaa pale kana kwamba ulikuwa unapatafuta. Nilisubiri maumivu niliyoyazoea, hayakuja. Akapiga tena baadaye, nikadaka. Kona zikaja, nikatoka nikazichukua juu ya vichwa vyao. Kelele za watu ziligeuka polepole, na "bibi harusi" lile lile walilolianza kwa dhihaka sasa walikuwa wakiliimba kila ninapogusa mpira. Hata yule mwanamume nilimwona anapiga makofi.

Tulifungwa moja bila, kwa bao lile la glavu. Nilimwendea Koko nikilia.

"Bao moja umefungwa na Fundi Salimu," akasema, akinifuta mchanga usoni. "Hawa wa hapa hawakukufunga." Wakati huo mwalimu wa wasichana wa Mahajanga alikuwa anamwambia Madamu Soa kwamba nikimaliza shule niletwe kwake.

Asubuhi yake, kabla ya meli, Koko alinichukua tukaenda Mangarivotra. Hakuuliza njia. Mbele ya nyumba moja ya bati, mlango wa bluu, akasimama, kisha akaita kama wanavyoita watu wa pwani hii, Wamalagasi kwa Wangazija. "Haodi."

"Karibo," ikajibu sauti ya ndani.

Akatoka mwanamke wa makamo, uso umepakwa liwa bichi, la manjano, bado linachuruzika shavuni. Koko hakusalimu. Alikuwa akilitazama lile liwa. Akampita yule mwanamke pole pole, akaingia uani, na pale kando ya pipa la maji lilikuwa jiwe jeusi, bapa, limelowa. Koko akachuchumaa, akaliwekea kiganja.

Yule mwanamke akaelewa. Akasimama na mikono yake imening'inia. "Sisi tulipangiwa nyumba ikiwa tupu," akasema. "Jiwe lilikuwa hapo hapo. Nilijua lina mwenyewe. Lichukue, mama, nimelitumia tu."

Mimi nikainama nilibebe. Viganja vyangu viliweza.

"Liache," Koko akasema.

"Koko, si jiwe lako?"

"Ni langu. Nikilichukua, nitakuwa nimemalizana na mji huu." Akainuka akishika kiuno. Akamwambia yule mwanamke, "Huyu mtoto atarudi hapa kudaka mpira. Atahitaji mahali pa kusagia hina. Utamfungulia?"

Mwanamke akavitazama viganja vyangu vyekundu, visivyo na maua, akashangaa, lakini akajibu, "Nitamfungulia."

Wakati ule nilikasirika. Niliona tumesafiri njia yote ile tumeliacha jiwe kwa watu. Nilielewa baada ya miaka kadhaa, niliporudi Mahajanga na mkoba wangu kuingia timu ya wanawake ya hapa, nikasimama mbele ya mlango wa bluu nikaita haodi. Mama Vavy, ndilo jina la yule mwanamke, alinisagia hina kabla ya kila mechi kubwa, akinung'unika kwamba hina nyingi hivi nitapata mume lini. Nikienda Nosy Be, salamu ya Koko ilikuwa moja. "Jiwe linasaga?" Nami najibu, "Linasaga, Koko." Hapo ndipo huuliza kama tulishinda.

Nilipochukuliwa Reunion kucheza kwa mshahara, nilibeba unga wa hina ndani ya kopo la kahawa, na afisa wa forodha akaunusa hadi akapiga chafya. Glavu zangu sasa zilikuwa nzuri, laini, za kiwandani. Lakini chini yake viganja vilikuwa vyekundu mechi zote. Koko alioneshwa picha yangu gazetini, akasema glavu zinaficha kazi yake. Alifariki mimi nikiwa huko, sikuwahi kumzika, na jambo hilo linaniuma hadi leo.

Mama Vavy naye ameondoka. Nyumba anakaa binti yake, na jiwe liko palepale kando ya pipa. Mimi nakaa mtaa wa pili, nafundisha wasichana. Basi wiki iliyopita, harufu ile iliponitoa jikoni, nilikwenda kwa jirani nikaomba majani yaliyobaki, nikamtuma mtu amwite golikipa wangu mpya, mtoto wa miaka kumi na mitatu ambaye viganja vyake nimeviona vilivyo. Alipofika uani kwa binti wa Mama Vavy alinikuta nimeshachuchumaa, nasaga. Akaliona jiwe, akayaona majani, akaibana mikono makwapani.

"Bibi," akasema kwa sauti ndogo, "nani anaolewa?"

Nilicheka hadi ikabidi niache kusaga. Nilipopata pumzi nikampigia mkeka kofi ili akae.

"Hakuna anayeolewa," nikamwambia. "Lete viganja, Jumapili unadaka."